Sahihi Kwenye Noti, Jina Kwenye Daftari la Kura

Ndugu wasikilizaji, chukueni noti moja mfukoni muitazame. Ukiacha picha na tarakimu, ambazo kila mtu anazijua, chini yake mtaona sahihi. Kwa noti za Tanzania ni sahihi mbili, moja ya Waziri wa Fedha na nyingine ya Gavana wa Benki Kuu. Wengi wetu hatuzisomi. Tunaangalia kama noti ni ya kweli, tunaikunja, tunapanda basi. Lakini sahihi ile ina maana yake. Anayeitia anawaambia wananchi wote kwamba karatasi hii ni mali, ipokeeni bila wasiwasi.

Katika mazungumzo yetu ya wiki hii nitawasimulia habari za mtu aliyezaliwa mtumwa, mtu ambaye kwa sheria ya nchi yake alikuwa mali ya mtu mwingine, aliyeweza kuuzwa kama ng'ombe mnadani. Alipofika umri wa miaka 40, sahihi yake ilichapwa kwenye noti za dola za Marekani. Jina lake lilikuwa Blanche Bruce. Alikuwa mwalimu, akawa mkulima wa pamba, akawa seneta. Nimemchagua kwa sababu maisha yake yanatuuliza swali ambalo hata sisi tunajiuliza kila mara mtoto wa mtaani kwetu anapopata cheo kikubwa. Je, mmoja wetu akipanda, sisi tuliobaki chini tumepata nini?

Bruce alizaliwa tarehe 1 Machi 1841, karibu na mji wa Farmville katika jimbo la Virginia. Mama yake, Polly, alikuwa mtumwa. Baba yake alikuwa ndiye mwenye shamba, Mzungu aliyemmiliki mama huyo. Kwa sheria za huko wakati ule, mtoto alifuata hali ya mama, kwa hiyo Bruce alikuwa mtumwa wa baba yake mwenyewe. Bahati yake ilikuwa moja. Mtoto halali wa mwenye shamba alipoletewa mwalimu nyumbani, Bruce naye aliruhusiwa kukaa karibu na kusoma. Katika majimbo mengi ya kusini kumfundisha mtumwa kusoma kulikuwa kosa la jinai, lakini ndani ya nyumba ile sheria hiyo ilifumbiwa macho.

Familia ile ilihamahama. Walikaa Missouri, wakapita Mississippi, wakarudi Missouri. Huko, katika mji mdogo wa Brunswick, kijana Bruce alitiwa kwenye kiwanda cha uchapaji kujifunza kazi ya kupanga herufi za risasi. Sisi tuliopita katika vyuo vya uandishi wa habari tunajua kazi hiyo inavyomfunza mtu. Mpanga herufi husoma kila neno mara mbili, kwanza kwa macho na kisha kwa vidole.

Mwaka 1861 vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza Marekani, Bruce hakungoja kukombolewa na mtu. Alitoroka akavuka mpaka kwenda Kansas, jimbo ambalo halikuwa na utumwa, akafika mji wa Lawrence. Hapo alifungua shule akawa anawafundisha watoto wa watumwa waliotoroka kama yeye. Alfajiri ya tarehe 21 Agosti 1863, mamia ya wapiganaji waliounga mkono utumwa, wakiongozwa na William Quantrill, waliuvamia mji huo. Waliua wanaume na vijana zaidi ya 150 na kuchoma nyumba na maduka. Bruce alikuwa miongoni mwa walionusurika. Mwaka uliofuata alirudi Missouri, jimbo alilolitoroka, akaanzisha shule ya watoto Weusi katika mji wa Hannibal. Alikuwa na umri wa miaka 23.

Ndugu wasikilizaji, hapo tusimame kidogo tufikiri. Mtu aliyeponea chupuchupu kuuawa angeweza kutafuta kazi ya kimyakimya, mbali na hatari. Lakini kwa Weusi wa wakati ule shule ilikuwa jambo la haraka kama maji. Mtu aliyeachiwa huru bila kujua kusoma alitiliwa mkataba mbele yake, akaweka alama ya msalaba mahali pa sahihi, na mwisho wa msimu akajikuta anadaiwa. Utumwa ulikuwa umefutwa mlangoni ukarudi kupitia dirishani, umevaa nguo ya karatasi.

Vita viliisha mwaka 1865. Bruce alifanya kazi ya uhamali kwenye meli za abiria katika mto Mississippi, na mwaka 1869 akashuka katika jimbo linaloitwa kwa jina la mto huo. Husimuliwa kwamba aliingia Jackson, mji mkuu wa jimbo, akiwa na senti 75 mfukoni. Mississippi ya wakati huo ilikuwa mahali pa ajabu. Miaka michache tu kabla, zaidi ya nusu ya wakazi wake walikuwa watumwa. Sasa wanaume wote Weusi walikuwa na haki ya kupiga kura, na kwa kuwa walikuwa wengi, kura yao ndiyo iliyoamua nani atawale. Majeshi ya serikali kuu yalikuwepo kuilinda haki hiyo. Chama chao kilikuwa Republican, chama cha Abraham Lincoln. Wenye mashamba wa zamani walikuwa upande wa Democrat.

Mtu anayejua kusoma, kuandika na kusema vizuri alihitajiwa sana. Bruce aliandikisha wapiga kura, kisha akahamia wilaya ya Bolivar, ukingoni mwa mto, katika ardhi nyeusi yenye rutuba iliyojaa misitu na mafuriko. Mwaka 1871 alichaguliwa kuwa sherifu, yaani mkuu wa ulinzi wa wilaya, na pia mkusanya kodi. Akawa vilevile msimamizi wa elimu, na juu ya hayo akahariri gazeti la wilaya lililoitwa Floreyville Star. Siku hizi tungesema anajilimbikizia vyeo, na tungekuwa na haki ya kuuliza. Lakini tuangalie alichofanya na vyeo hivyo. Wilaya ile haikuwa na mfumo wa shule wa maana. Yeye alijenga mfumo ambamo shule za watoto Weusi na za watoto Wazungu zilikuwa mbalimbali, lakini zilipewa fedha kwa usawa. Kwa macho ya leo kutenganisha watoto kwa rangi ni dhambi. Kwa mwaka 1872, mahali ambapo mtoto Mweusi hakuwahi kuhesabiwa katika bajeti yoyote, usawa wa fedha ulikuwa mapinduzi, na Wazungu wengi wa wilaya walilipa kodi ya shule hizo kwa sababu watoto wao pia walisoma.

Bruce alinunua ardhi. Kidogo kidogo akawa na shamba la pamba lenye mamia ya ekari, yeye ambaye mama yake alikuwa mali ya shamba. Pamba hiyo inatuhusu hata sisi wa pwani ya Afrika Mashariki. Bibi zetu walikuwa wakiita kitambaa cheupe kisichopaushwa "merikani". Jina hilo lilitoka kwa wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, waliokileta Unguja tangu siku za Seyyid Said. Kitambaa kile kilifumwa katika viwanda vya kaskazini mwa Marekani kwa pamba iliyolimwa na watumwa wa kusini. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda bara ilikuwa na marobota ya merikani mabegani mwa wapagazi. Kwa hiyo jasho la watu kama mama yake Bruce lilifika Tabora na Ujiji likiwa limefumwa nguo, na huko likanunulia pembe za ndovu, na wakati mwingine watu.

Turudi Mississippi. Siku hizo maseneta wa Marekani hawakuchaguliwa na wananchi moja kwa moja. Walichaguliwa na bunge la kila jimbo, na utaratibu huo ulibadilishwa mwaka 1913 tu. Naomba mlikumbuke jambo hili, kwa sababu litamgharimu Bruce baadaye. Mwezi Februari 1874, bunge la Mississippi, ambalo lilikuwa na wabunge Weusi wengi, lilimchagua kwa kipindi cha miaka sita. Mtu Mweusi mmoja alikuwa amemtangulia katika Seneti, Hiram Revels, naye pia wa Mississippi, lakini huyo alimalizia tu kipindi kilichokuwa wazi, mwaka 1870 hadi 1871. Bruce ndiye wa kwanza kutumikia kipindi kizima.

Aliapishwa Machi 1875. Desturi ya Seneti ni kwamba seneta mpya husindikizwa mbele na seneta mwenzake wa jimbo lake. Mwenzake alikuwa James Alcorn, tajiri Mzungu wa chama hicho hicho. Jina la Bruce lilipoitwa, Alcorn alibaki kwenye kiti chake, akijifanya anasoma gazeti. Bruce akaanza kutembea peke yake katikati ya ukumbi. Ndipo seneta wa New York, Roscoe Conkling, alipoinuka, akamshika mkono, akaenda naye hadi mbele. Bruce hakulisahau jambo hilo. Mwanawe wa pekee alipozaliwa mwaka 1879, alimwita Roscoe Conkling Bruce. Jina hilo mliweke akilini, tutakutana nalo tena.

Sasa tunafika kwenye kiini cha mazungumzo haya. Mwaka ule ule ambao Bruce alikuwa akiapishwa Washington, nyumbani kwake haki iliyompeleka huko ilikuwa inavunjwa. Uchaguzi wa jimbo ulikuwa Novemba 1875. Chama cha Democrat, kikiongozwa katika kampeni hiyo na mwanasheria mmoja aitwaye James George, kiliazimia kurudisha utawala mikononi mwa Wazungu. Watu wenye silaha walihudhuria mikutano ya Republican. Mwezi Septemba, katika mji wa Clinton, mkutano wa hadhara uliokuwa kama sherehe ya familia uligeuka mauaji, na kwa siku kadhaa Weusi walisakwa mashambani na kupigwa risasi. Waliokuwa wakilima mashamba ya wengine waliambiwa wakipiga kura wasirudi kazini. Gavana Adelbert Ames aliomba majeshi kutoka kwa Rais Ulysses Grant. Hayakuja. Siku ya kura ilipofika, katika wilaya ya Yazoo, yenye maelfu ya wapiga kura Weusi, chama cha Republican kilihesabiwa kura 7. Nasema tena, kura saba.

Bruce hakunyamaza. Tarehe 31 Machi 1876 alisimama katika Seneti akataka uchaguzi ule uchunguzwe. Aliwaambia wenzake kwamba watu wake hawaombi upendeleo, wanaomba ulinzi wa sheria ambao kila raia anastahili. Kamati iliundwa, ikaenda Mississippi, ikasikiliza mashahidi, ikaandika ripoti ya mabuku mawili. Ripoti ilisema wazi kwamba ushindi ule ulipatikana kwa vitisho na udanganyifu. Kisha ripoti ikawekwa kabatini. Bunge jipya la Mississippi liliendelea kukaa. Gavana Ames alilazimika kujiuzulu. Mwaka 1877, Rais mpya, Rutherford Hayes, aliyaondoa majeshi ya mwisho yaliyokuwa yakizilinda serikali za Republican kusini.

Nimefanya kazi ya habari kwa miaka mingi, nami naona hapo somo linalotuhusu sisi wa kalamu na maikrofoni. Tunaamini ukweli ukishaandikwa, kazi imekwisha. Huko ukweli uliandikwa wote, na majina ya mashahidi, na tarehe, na idadi ya maiti. Ila hakukuwa na mtu mwenye nguvu aliyetaka kuufanyia kazi.

Katika Seneti, Bruce aliendelea na kazi iliyokuwa mbele yake. Kama mkulima wa ukingoni mwa mto, alipigania fedha za matuta ya kuzuia mafuriko ya Mississippi. Ulipoletwa muswada wa kuwazuia Wachina wasiingie Marekani, aliupinga. Alisema kwamba yeye anawakilisha watu ambao juzi tu walihesabiwa hawafai kuwa raia, hivyo hawezi kuunga mkono sheria ya kuwafungia mlango watu wengine kwa sababu ya asili yao. Wakati wa mjadala huo, Februari 1879, ndipo alipokalia kiti cha kuongoza kikao cha Seneti, mtu wa kwanza aliyewahi kuwa mtumwa kufanya hivyo.

Kazi yake iliyonigusa zaidi ni ile ya benki. Mwaka 1865, kabla tu vita havijaisha, ilianzishwa Benki ya Akiba ya Watu Walioachwa Huru. Nia ilikuwa njema. Askari Weusi walikuwa na mishahara, vibarua walikuwa na ujira wao wa kwanza maishani, na walihitaji mahali salama pa kuweka akiba. Benki ilifungua matawi 37. Vitabu vya akiba vilikuwa na picha ya Lincoln, na mawakala wake walizungumza kana kwamba serikali ndiyo mdhamini. Serikali haikudhamini hata senti moja. Wafuaji wa nguo, wapishi, wakulima wadogo, vyama vya kuzikana na makanisa, wote walipeleka akiba zao, wengine dola moja, wengine tano.

Mwanzoni benki iliruhusiwa tu kununua dhamana za serikali. Mwaka 1870 sheria ikalegezwa, ikaruhusiwa kukopesha kwa dhamana ya ardhi na majengo. Aliyeongoza kamati ya fedha alikuwa Henry Cooke, ndugu wa tajiri mkubwa wa benki Jay Cooke. Fedha za wafuaji nguo zikaanza kukopeshwa kwa kampuni za marafiki, mojawapo ikiwa ya machimbo ya mawe, kwa dhamana ambazo hazikuwa na thamani. Mwaka 1873 himaya ya Jay Cooke iliporomoka, uchumi wa nchi ukatikisika. Machi 1874 wenye benki wakamwita Frederick Douglass, kiongozi Mweusi aliyeheshimiwa kuliko wote, wakamkabidhi uongozi. Yeye akatia humo dola 10,000 zake mwenyewe kabla ya kugundua kwamba amekalishwa juu ya kaburi. Mwishoni mwa Juni 1874 benki ilifungwa. Wenye akiba 61,144 walikuwa wakidai karibu dola milioni 3.

Ndugu wasikilizaji, nina shangazi aliyekuwa akikaanga samaki kwa ajili ya kuuza. Kwa miaka aliweka akiba katika chama kimoja cha kuweka na kukopa, ambacho sina haja ya kukitaja. Siku alipokwenda kuchukua fedha za kuezeka nyumba alikuta mlango umefungwa na mlinzi hajui lolote. Kilichomuumiza zaidi, alituambia, ni kwamba kile kitabu chake cha akiba kilikuwa na mihuri yote. Kila wiki waligonga muhuri. Kwa hiyo ninaposoma juu ya watu wale 61,144 najua wale ni akina nani.

Bruce aliteuliwa mwaka 1879 kuongoza kamati ya Seneti ya kuchunguza benki ile. Aliwahoji wakurugenzi, akafungua vitabu vya hesabu, na mwaka 1880 akatoa ripoti iliyotaja udanganyifu na uzembe uliofanywa. Alitaka Bunge liwafidie wenye akiba. Bunge halikukubali. Baadaye, kwa kuuza mali zilizobaki, wengine walilipwa sehemu ya akiba zao kwa awamu, miaka ikipita katikati. Wengi walikuwa wameshakufa, au wameshahama, au hawakuwa na nauli ya kufuatilia. Madhara yaliyobaki hayakuhesabika kwa dola. Watu waliokuwa wameanza kujifunza kuweka akiba waliwafundisha watoto wao kwamba benki ni mahali pa kuibiwa.

Kipindi cha Bruce kilimalizika Machi 1881. Nilisema tukumbuke jinsi maseneta walivyochaguliwa. Bunge la Mississippi sasa lilikuwa mikononi mwa Democrat, na hapakuwa na uwezekano wowote wa kumrudisha. Kiti chake kilimwendea nani? Kilimwendea James George, yule mwanasheria aliyeongoza kampeni ya mwaka 1875.

Ndipo Rais James Garfield alipompa Bruce kazi ya Msajili wa Hazina. Kabla ya hapo alipewa nafasi ya kwenda kuiwakilisha Marekani nchini Brazil, akaikataa, kwa kuwa huko utumwa ulikuwa bado halali, na uliendelea hadi mwaka 1888. Msajili wa Hazina alikuwa mmoja wa maofisa ambao sahihi zao zilichapwa kwenye noti. Kwa hiyo kuanzia mwaka 1881, Mzungu mwenye shamba la pamba Mississippi, aliyemzuia kibarua wake asipige kura, alimlipa kibarua huyo kwa karatasi yenye sahihi ya B. K. Bruce. Noti ilipokewa kila duka. Mwenye rangi ya aliyeitia sahihi hakupokewa kila kituo cha kura.

Mwaka 1890 James George na wenzake walikamilisha kazi. Mississippi iliandika katiba mpya. Katika masharti ya kupiga kura haikutaja rangi. Ilisema tu kwamba mpiga kura alipe kodi ya dola 2, na aweze kusoma kifungu cha katiba au kukieleza akisomewa. Anayeamua kama ameeleza vizuri ni karani wa uandikishaji, na karani alikuwa Mzungu. Kati ya wanaume Weusi karibu 147,000 wenye umri wa kupiga kura, waliobaki kwenye daftari walikuwa chini ya 9,000. Majimbo mengine ya kusini yalinakili mbinu hiyo. Hapakuwa na haja tena ya bunduki kila uchaguzi, kwa kuwa karani na kalamu yake walitosha.

Wapo waliomlaumu Bruce. Walisema alikuwa mpole mno, mtu wa mapatano. Walisema alizoea maisha ya Washington na karamu zake, huku kule Bolivar shamba lake likilimwa na Weusi maskini waliogawana naye mavuno kama walivyofanya kwa wenye mashamba Wazungu. Lawama hizo zina ukweli ndani yake, nami sitazifunika. Mtu aliyepanda ngazi husahau ugumu wa ngazi. Lakini tuseme angekuwa mkali kama simba, angeweza nini? Alikuwa mmoja kati ya maseneta zaidi ya sabini. Alisema uchaguzi umeibwa, akathibitisha. Alisema benki imewaibia maskini, akathibitisha. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Bruce alifariki tarehe 17 Machi 1898, akiwa amerudishwa mara ya pili kwenye kiti cha Msajili wa Hazina. Aliacha mali, jina na mtoto aliyesoma Harvard, chuo kikuu chenye sifa kuliko vyote nchini mwao. Mtoto huyo ndiye yule Roscoe Conkling Bruce. Mwaka 1923 Roscoe aliomba mwanawe, mjukuu wa seneta, apate chumba katika bweni la wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa chuo hicho hicho. Mkuu wa chuo alimjibu kwamba mtoto anaweza kusoma, ila Weusi hawatalala bweni moja na Wazungu. Babu alikuwa ameongoza kikao cha Seneti. Baba alikuwa mhitimu wa chuo. Mjukuu alikosa kitanda. Ilibidi wasomi na magazeti wapige kelele ndipo uamuzi ule ukalegezwa.

Baada ya Bruce kuondoka Seneti mwaka 1881, ilipita miaka 86 kabla mtu Mweusi mwingine hajaingia humo. Alikuwa Edward Brooke wa Massachusetts, mwaka 1967. Katikati ya miaka hiyo walikuja watu ambao wengi hatuyajui majina yao, vibarua, walimu wa vijijini na mama wa makanisa wa Mississippi, waliopanga foleni mbele ya karani yule yule wa uandikishaji, wakafukuzwa kazi, wakapigwa, wakarudi tena. Ni wao waliosababisha sheria ya haki ya kupiga kura ya mwaka 1965.

Basi nirudi kwenye swali la mwanzo. Mmoja wetu akipanda, tuliobaki chini tumepata nini? Kwa maisha ya Blanche Bruce, jibu langu ni kwamba tumepata sauti moja mahali pa maamuzi, na hilo si dogo. Lakini sauti hiyo ilikuwa na nguvu mradi tu wale waliomtuma waliendelea kuwa kwenye daftari la wapiga kura. Walipofutwa, naye alibaki mheshimiwa asiye na watu, mwenye cheo cha kuteuliwa, sahihi yake nzuri ikizunguka nchi nzima bila kuweza kumtetea aliyeishika.

Shule zake za Bolivar zilidumu katika kumbukumbu kuliko hotuba zake, kwa sababu mtoto aliyefundishwa kusoma hakuweza kufundishwa kusahau. Lakini hata shule zilinyimwa fedha baada ya wazazi kunyimwa kura, kwa kuwa bajeti humfuata mwenye sauti.

Kwa hiyo, ndugu wasikilizaji, mtoto wa mtaani kwetu akipata cheo, tumpongeze, tuchinje hata mbuzi. Ila kesho yake asubuhi tuamke twende tukahakikishe majina yetu yamo daftarini, na kwamba anayehesabu anaonwa na macho mengi. Na tukiweka akiba mahali, tuulize nani anadhamini, bila kutosheka na picha iliyo juu ya kitabu. Mheshimiwa tuliyemtuma atahitaji tumsimamie nyuma yake, naye asipotuona nyuma yake hatakuwa na la kufanya, hata akiwa mwema namna gani.

Kwa leo naishia hapo. Tukutane tena wiki ijayo, panapo majaliwa.